Kahawa Nzuri Nyumbani Huanza na Maji

Anayetaka kunywa kahawa nzuri nyumbani mara nyingi huanza kwa kuuliza bei ya mashine. Kwa mkazi wa Kaunti ya Turkana, swali la kwanza lafaa kuwa lingine: maji yatatoka wapi? Kikombe cha kahawa ya kawaida ni maji kwa takriban asilimia 98. Hata buni bora kutoka Nyeri au Ethiopia haziwezi kuficha maji ya chumvi.

Makala hii inaeleza jinsi ya kupata kahawa nzuri kwa vifaa vilivyopo, kwa nini njia ya Wahabeshi wa Kakuma inafaa mazingira ya Turkana, na mambo ya afya ambayo kila nyumba inapaswa kuyajua kabla ya kubandika birika jikoni.

MAJI: MAMBO MATATU YA KUANGALIA

Maji ya Lodwar hutoka zaidi kwenye visima vilivyochimbwa kando ya Mto Turkwel, na ya Kakuma kwenye visima vya kando ya laga ya Tarach. Katika wadi za mbali kama Nakalale, Turkana Kaskazini, wakazi hutegemea visima vya pampu na vile vinavyochimbwa kwa mkono katika mchanga wa laga zilizokauka. Kila chanzo kina maji yake, na kila maji yana tabia yake.

La kwanza ni klorini. Dawa hii hutiwa ili kuua vijidudu, na harufu yake husikika kwenye kahawa. Kuchemsha maji kwa dakika chache bila kufunika sufuria hupunguza harufu hiyo. Asiwepo mtu wa kuacha kutibu maji ya kunywa kwa sababu ya ladha ya kahawa. Kipindupindu ni hatari kubwa kuliko kikombe kisicho na ladha.

La pili ni chumvi na magadi. Ladha changamfu ya kahawa nzuri, ile yenye uchachu kidogo kama wa tunda, hutokana na asidi zilizomo ndani yake. Maji ya magadi huzima asidi hizo, na kahawa hupooza. Maji ya Ziwa Turkana ni mfano wa wazi, kwa kuwa yana chumvi na magadi mengi. Ukoga mweupe unaoganda ndani ya birika ni dalili ya maji yenye madini mengi.

La tatu ni floraidi, na hili ndilo zito zaidi. Floraidi haionekani, wala haina harufu. Maji yanaweza kuwa matamu mdomoni na bado yawe na floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu kuwa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Baadhi ya visima vya Turkana, pamoja na ziwa lenyewe, hupita kiwango hicho. Mtoto anayekunywa maji hayo kwa miaka mingi meno yake hupata madoa ya kahawia, na mtu mzima anayeyanywa kwa muda mrefu sana huweza kuumia mifupa.

Wengi hudhani kwamba kuchemsha huondoa kila kibaya. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala floraidi. Lita mbili za maji zikichemka hadi kubaki lita moja, floraidi yote iliyokuwa ndani ya lita mbili sasa imo ndani ya lita moja. Kwa hiyo maji ya kahawa yachemshwe kwa kiasi kinachotosha, yasiachwe yakauke jikoni.

Kuchuja kwa kitambaa au mchanga nako hakuondoi floraidi. Kinachosaidia ni vichujio maalumu vya mkaa wa mifupa, mitambo inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, au kubadilisha chanzo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, huwa na chumvi na floraidi kidogo sana. Yakishachemshwa, ni maji mazuri kwa kahawa.

Nyumba yenye maji ya aina mbili ipange vizuri matumizi yake. Maji yaliyopimwa na kupatikana na floraidi kidogo yawe kwanza ya watoto, hasa walio chini ya miaka minane, kwa kuwa meno yao ya ukubwani bado yanaumbika ndani ya ufizi. Kahawa ya wazazi ije baadaye.

TURKANA IMEZUNGUKWA NA KAHAWA

Kahawa haikuzwi katika tambarare kavu za Turkana, lakini asili yake haiko mbali. Mti wa arabika huota wenyewe msituni katika nyanda za juu za kusini magharibi mwa Ethiopia, katika uwanda wa Boma nchini Sudan Kusini, na katika Mlima Marsabit ng'ambo ya ziwa. Kilimo chake nchini Kenya kilianza mwaka 1893, wamisionari wa Kifaransa walipopanda mbegu huko Bura, Taita.

Kakuma, kahawa ya Kihabeshi ilikuja na watu. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa waliofika miaka ile ya mwanzo walikuwa Waethiopia waliokimbia nchi yao baada ya serikali ya Mengistu Haile Mariam kuanguka mwaka 1991. Walikuja na desturi ya buna: buni hukaangwa mbele ya wageni, hutwangwa, hupikwa kwa chungu kiitwacho jebena na kumiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Neno lenyewe si geni kwa msemaji wa Kiswahili, kwani mbegu za kahawa kwa Kiswahili ni buni.

KWA NINI BUNI MBICHI ZINAFAA HAPA

Adui wa kahawa iliyokaangwa ni hewa, joto na mwanga. Buni zilizokaangwa hupoteza harufu nzuri baada ya wiki chache. Zikishasagwa, harufu huanza kupotea siku hiyohiyo. Pakiti ya unga wa kahawa iliyosafiri kutoka Nairobi kupitia Kitale hadi Lodwar, kisha ikakaa kwenye rafu ya duka lenye joto, huwa imepoteza sehemu kubwa ya uzuri wake kabla haijafunguliwa.

Buni mbichi ni tofauti. Zikiwekwa kwenye chombo kikavu, kivulini, hudumu miezi mingi bila kuharibika. Ndiyo maana njia ya buna inafaa mahali palipo mbali na viwanda vya kukaangia: mnunuzi huhifadhi buni mbichi na kukaanga kiasi cha siku tu. Anayependelea kununua kahawa iliyokaangwa anunue kidogo kidogo, achague nzima badala ya unga, na aihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Herufi AA na AB kwenye pakiti za kahawa ya Kenya huonyesha ukubwa wa buni. Peke yake haziahidi ladha. Tarehe ya kukaangwa humwambia mnunuzi mengi zaidi.

JINSI YA KUPIKA KWA JEBENA

1. Chambua buni, toa mawe na zilizooza, kisha zioshe na kuzikausha kwa kitambaa safi.

2. Kaanga kwenye kikaango kipana kwa moto wa wastani, ukikoroga bila kusimama. Kazi hii huchukua takriban dakika 10 hadi 15. Buni zitageuka njano, kisha kahawia, halafu zitaanza kualika kama bisi.

3. Mlio huo ukipungua na rangi ikiwa kahawia iliyokolea, epua. Mwaga buni kwenye sinia na uzipepee zipoe haraka. Zikiachwa kwenye kikaango chenye moto huendelea kuiva na kuwa chungu.

4. Twanga kwa kinu na mchi hadi ziwe unga wa chembe ndogo zinazolingana. Chembe kubwa hutoa kahawa nyepesi yenye uchachu, na unga laini mno hutoa uchungu na machicha mengi.

5. Pima gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji. Kwa robo lita, hiyo ni takriban vijiko vitatu vya chakula, visawazishwe juu.

6. Chemsha maji kwenye jebena, tia kahawa, na uangalie povu likipanda shingoni. Epua kabla halijamwagika.

7. Iache jebena itulie kwa dakika chache ili machicha yashuke chini, kisha mimina polepole bila kuitikisa.

Kwa desturi, machicha yaleyale huongezwa maji na kuchemshwa tena hadi mara tatu. Mzunguko wa kwanza huitwa abol, wa pili tona na wa tatu bereka, yaani baraka. Wa kwanza ndio mkali kuliko yote.

Asiye na jebena anaweza kutumia dele, au sufuria ndogo na chujio la kitambaa. Kwa njia ya kuchuja, maji yaliyochemka yaachwe nusu dakika kabla ya kumiminwa juu ya kahawa. Lodwar iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 98, wakati Nairobi huchemka karibu nyuzi 94. Anayefuata maelekezo ya mtu wa Nairobi atakuwa anatumia maji ya moto zaidi bila kujua.

NA MASHINE YA ESPRESSO?

Espresso ni kahawa nzito inayotolewa kwa kusukuma maji ya moto, nyuzi 90 hadi 96, kupita kwenye kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa. Nguvu ya msukumo huo ni bari 9, takriban mara nne ya upepo ulio katika tairi la gari dogo, na kikombe hukamilika kwa sekunde 25 hadi 30.

Kabla ya kununua, mkazi apime mambo mawili. Umeme ni la kwanza: mashine nyingi za nyumbani hutumia wati 1,000 au zaidi, na seti ndogo ya sola ya taa na simu haiwezi kuiendesha. Pili ni maji: madini huganda ndani ya mirija na kuiziba, na mashine ya bei kubwa huharibika mapema. Aliye na umeme wa uhakika na maji laini anaweza kufanikiwa, mradi asafishe mashine mara kwa mara na awe na kinu kizuri cha kusagia.

Njia ya katikati ni birika la moka, lililobuniwa Italia mwaka 1933. Hukaa juu ya jiko la mkaa au gesi, halihitaji umeme, na hutoa kahawa nzito iliyo karibu na espresso ingawa msukumo wake ni mdogo zaidi.

MOSHI NA MOTO

Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua watu waliolala au waliojifungia. Kaanga na upike nje au mahali penye hewa ya kutosha, na usiingize jiko lenye makaa chumbani usiku. Siku za upepo, weka jiko mbali na nyumba za makuti. Mkaa wa etirae, yaani mathenge, huwaka vizuri na huokoa miti ya asili ambayo ni kivuli na malisho ya mifugo.

NANI ANYWE, NA KIASI GANI

Kahawa na chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye nafaka, maharagwe na mboga. Mwenye upungufu wa damu, na hasa mama mjamzito, asinywe pamoja na chakula. Asubiri angalau saa moja. Mjamzito asizidishe kikombe kimoja au viwili vidogo kwa siku, na apate ushauri kliniki. Watoto wasipewe kahawa.

Wanywaji wa chai nao wajue kwamba majani ya chai hukusanya floraidi kutoka udongoni, tofauti na kahawa ambayo ina kidogo sana. Mahali ambapo maji tayari yana floraidi nyingi, chai ya rangi nzito huongeza kiasi hicho.

ULIZA KUHUSU MAJI YAKO

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Mkazi anaweza basi kuuliza kama kisima anachokitumia kimepimwa, lini, na floraidi ilipatikana kwa kiwango gani. Wateja wa Lodwar waulize kampuni ya maji ya LOWASCO. Wa vijijini waanze na kamati ya kisima, msimamizi wa wadi au ofisi ya maji ya kaunti ndogo. Mtoto akionekana na madoa ya kahawia kwenye meno, apelekwe kituo cha afya, na mzazi ataje chanzo cha maji anayokunywa.

Anayetaka kuuza kahawa anahitaji kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula.