Mendelssohn na Konseto ya Birmingham

Maarusi wanapotoka kanisani Nairobi au Dar es Salaam na kinanda kikianza kuvuma, si ajabu wimbo unaopigwa ukawa wa Felix Mendelssohn, Mjerumani aliyezaliwa Hamburg mwaka 1809. Wengi wanamjua kwa wimbo huo tu. Birmingham, Uingereza, inamjua zaidi ya hapo.

Katika karne ya 19, mji huo wa viwanda ulikuwa na tamasha kubwa la muziki kila baada ya miaka mitatu, na mapato yake yalikwenda kwenye hospitali ya mji. Mwaka 1834 ukafunguliwa ukumbi wa Town Hall, wenye nguzo mfano wa hekalu la Kirumi. Miaka mitatu baadaye Mendelssohn akaalikwa. Machi mwaka huo alikuwa amemwoa Cécile Jeanrenaud, na konseto yake ya pili ya piano, katika D maina, aliiandika kwa ajili ya tamasha hilo ndoa ikiwa bado mbichi. Tarehe 21 Septemba 1837 aliipiga mwenyewe mbele ya watu wa Birmingham.

Zama hizo mpiga piano alitarajiwa kuwaduwaza watu kwa kasi ya vidole. Mendelssohn hakuipenda tabia hiyo. Katika konseto hii okestra inaanza kwa sauti ya chini, na badala ya kungoja utangulizi mrefu umalizike, piano inaingia mapema peke yake kwa vifungu vifupi, kama msemaji anayepima maneno yake. Okestra inajibu, piano inasema tena, ndipo dhoruba inapoanza.

Sehemu zote tatu zimeungana, kwa hiyo hadhira iliyozoea kushangilia katikati haipati nafasi. Sehemu ya pili ni tulivu, inakaribia wimbo wa ibada. Ya tatu inageukia D meja na kwenda mbio kwa wepesi. Robert Schumann, mtunzi mwenzake aliyekuwa pia mhakiki, aliandika kwamba wapenda kujionyesha wasingepata mengi humo.

Baadaye konseto hiyo ilifunikwa na oratorio yake ya Elijah, kazi ya waimbaji na okestra, iliyosikika mara ya kwanza katika ukumbi uleule tarehe 26 Agosti 1846. Vipande 8 vilibidi kurudiwa papo hapo. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Novemba, Mendelssohn alifariki Leipzig akiwa na miaka 38.

Anayetaka kuuzoea muziki wa piano wa Mendelssohn aanze na Nyimbo Zisizo na Maneno, vipande vifupi 48 katika vitabu 8. Katika kipande cha kwanza kabisa, vidole vya pembeni vya mkono wa kulia vinabeba wimbo, mkono wa kushoto unashika besi, na mikono yote miwili inagawana noti za katikati. Kazi ngumu ni kuzipiga hizo za katikati kwa ulaini kiasi kwamba wimbo wa juu usimezwe.