Mwimbaji wa Iwawa na Nyimbo za Kijapani

Miongoni mwa lugha zote za ng'ambo ambazo mtu aliyekulia katika Kiswahili aweza kuziimba mbele ya hadhira, sijaona iliyo nyepesi kwa ulimi wake kuliko Kijapani. Na hili nalisema nikiwakumbuka hasa vijana wa Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, waliolelewa katika kwaya za makanisa, wasomao do, re, mi kama wasomavyo gazeti, lakini ambao wakikabidhiwa kipaza sauti cha karaoke huangukia nyimbo zile zile za Kiingereza, ambazo nusu ya maneno yake humezwa na nusu hutafunwa.

Karaoke ni mali ya Wajapani tangu asili yake. Shigeichi Negishi alitengeneza chombo cha namna hiyo mjini Tokyo mwaka 1967. Kisha mwaka 1971 Daisuke Inoue, mwanamuziki wa Kobe aliyekuwa akiwapigia ala wateja wa baa wapendao kuimba, akaunda mashine 11 zilizotoa lahani tupu kila zilipotiwa sarafu ya yeni 100, na wala hakuzichukulia hataza, hata ulimwengu mzima ukaneemeka kwa kazi ya mikono yake bila ya yeye kupata ujira mkubwa. Mchezo huo ulipofika kwetu Afrika Mashariki haukubaki na sura moja: mjini Kampala, mwishoni mwa karne iliyopita, vijana walikuwa wakicheza na kuigiza kwa midomo huku sauti ya mwimbaji mwenyewe ikitoka kwenye kanda, wakauita karioki. Mimi nazungumzia ile ya asili, ambayo mtu huimba kwa koo lake mwenyewe. Na kwa hiyo simu, spika, na lahani isiyo na mwimbaji vyatosha kabisa.

Wepesi niutajao una sababu mbili, na ya kwanza ni ya mwandiko. Daktari James Curtis Hepburn, mmisionari wa Kimarekani, alitoa kamusi yake ya Kijapani mwaka 1867, na mwandiko wa herufi za Kirumi unaoitwa kwa jina lake ukakamilika katika toleo la 1886. Katika muda huo huo Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Wote wawili walishika kanuni moja, yaani konsonanti zisomwe kama za Kiingereza na irabu kama za Kiitalia. Kwa sababu hiyo, kijana wa Iwawa aliyeandikiwa wimbo wa Kijapani kwa herufi hizo aweza kuusoma tangu mstari wa kwanza: irabu ni zile zile tano, na *sh*, *ch*, *j*, *y* na *w* zatamkwa kama azijuavyo.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya mizani. Washairi wetu wa pwani waliyapima mashairi kwa kuhesabu silabi, nane kwa nane katika mshororo wa shairi, na nane katika kipande cha utenzi. Wajapani nao, tangu zama za kale, wamepima kwa tano na saba, nao huhesabu takriban kama sisi tuhesabuvyo. Irabu ikirefushwa, kama katika *kaa* au *choo*, ni mizani mbili kwao kama ilivyo kwetu. Ile *n* yao isimamayo peke yake bila irabu yahesabiwa mizani kamili, kama *m* ya *mtu* ihesabiwavyo kwetu, na katika wimbo aghalabu hupewa noti yake. Basi mtu aliyezoea kughani utenzi hukuta katika Kijapani hesabu aliyokwisha kuifahamu, ilhali Kiingereza humlazimisha kubana konsonanti tatu au nne ndani ya noti moja.

Yapo, hata hivyo, ya kuyachukulia hadhari. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo tukiyapeleka katika Kijapani twauvunja mwendo wa wimbo. Heri kuiachia lahani iamue sauti ipande wapi na ishuke wapi. Konsonanti iliyoandikwa mara mbili ni kituo cha kimya chenye thamani ya mizani moja, na kimya hicho kisiporuhusiwa kupita, maneno yote yafuatayo hutangulia ala. *R* yao ni mguso mmoja tu wa ncha ya ulimi. Apendaye kusikia matamshi sahihi asipate taabu ya kutafuta mwalimu mbali, kwani NHK, shirika la utangazaji la Japani, hutangaza kwa Kiswahili na limeandaa masomo mafupi ya Kijapani kwa lugha yetu. Na hata njiani Kijapani si mgeni: zipo gari za Noah na Hiace katika barabara za Makambako na Njombe ambazo bado zina maandishi ya Kijapani ubavuni, na nyingine humsemesha dereva kwa Kijapani kila awashapo injini.

Wimbo gani, basi, uchaguliwe? Rai yangu ni kwamba mtu asichague wimbo kwa sababu umevuma, bali achague ule ambao maana yake aweza kuibeba. Sharti aitafute tafsiri, aisome mstari kwa mstari, ajiulize kama huzuni ile au furaha ile imepata kumgusa, na hapo ndipo ayaweke maneno moyoni kwa ghibu. Hadhira isiyojua Kijapani haitatambua neno lililokosewa, lakini itatambua mara moja mwimbaji asiyejua anasikitikia nini.

Kwa kipimo hicho naupa nafasi ya kwanza *Kitaguni no Haru*, wimbo wa Masao Sen wa mwaka 1977, uliotungwa maneno na Haku Ide na kutiwa lahani na Minoru Endo. Masao Sen ni mzaliwa wa Iwate, kaskazini mwa Japani, upande wa theluji na milima. Anayesimuliwa katika wimbo ni mtu aliyehamia mji mkubwa, mji ambao majira hayaonekani. Mama yake amempelekea kifurushi kidogo, na kifurushi hicho kinamkumbusha maua ya vilimani, theluji iyeyukayo mtoni, msichana ambaye hakupata kumwambia kwamba anampenda, na kaka aliyerithi ukimya wa baba, hata mtu akajiuliza kama wawili wale hukaa siku moja moja wakanywa pamoja. Nani atauelewa wimbo huu kuliko Mkinga, mwenyeji wa Makete? Watu wa Makete wametoka kwa maelfu kwenda kufanya biashara Makambako, Mbeya, na Kariakoo, mahali ambapo mtu hutokwa na jasho Julai, wakati kwao umande umeganda juu ya majani ya viazi. Na wanapofikiri juu ya nyumbani huukumbuka uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, jinsi ufunikwavyo na maua wakati wa mvua. Mtu wa pwani atauimba vizuri. Mtu wa Iwawa atauimba kama aliyetungiwa yeye.

Na lahani yake yafaa kwa mwanafunzi, maana imejengwa juu ya sauti tano, do, re, mi, so na la, bila ya fa wala ti, desturi ya nyimbo nyingi za Kijapani za zamani. Mwanakwaya aweza kujiandikia noti zake jioni moja.

Baada ya huo ufuate *Ue o Muite Arukō*, ulioimbwa na Kyu Sakamoto mwaka 1961 kwa maneno ya Rokusuke Ei na lahani ya Hachidai Nakamura, ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1963, ingawa huko waliubandika jina la chakula lisilohusiana nao hata kidogo. Ni wimbo wa mtu atembeaye peke yake usiku akiinua uso ili machozi yasimdondoke. Una kipande cha mbinja, na asiyejua kupiga mbinja asijaribu; avumishe tu. Nyimbo za kasi za filamu za katuni, ambazo vijana huzipenda mno, naziweka nyuma kabisa, kwa kuwa hazimpi mgeni wasaa wa kuvuta pumzi.

Neno moja kwa wanakwaya. Sauti iliyolelewa kati ya soprano, alto, tenori na besi imezoea kuegemea wenzake, na ikiachwa peke yake hutetemeka au hupaza kupita kiasi. Basi punguza ufunguo wa ala, jambo ambalo mashine na programu nyingi za karaoke huliruhusu, uimbe pale sauti yako ya mazungumzo ilipo.

Wala mtu asidhani kwamba ugeni ni kizuizi. Jero, Mmarekani mweusi wa Pittsburgh, alifundishwa enka, nyimbo za Kijapani za mtindo wa zamani, na bibi yake Mjapani, na mwaka 2008 akatoa wimbo wake wa kwanza Japani, akapendwa na wazee wa nchi ile. Kwa upande wetu, Eriko Mukoyama, ajulikanaye kwa jina la Anyango, alitoka Japani akaenda Siaya, Kenya, kujifunza nyatiti, ala ya Wajaluo iliyokuwa ya wanaume, naye huimba kwa Kijaluo mbele ya Wajaluo wenyewe.

Na kama wanakwaya wa Iwawa wataka wimbo mmoja wa kuimba wote pamoja, wachukue *Furusato*, wimbo wa shule wa mwaka 1914, wa Tatsuyuki Takano na Teiichi Okano, ambao karibu kila Mjapani aujua tangu utotoni. Wasimulia milima ya kuwindia sungura, kijito cha samaki wadogo, wazazi walioachwa nyumbani, na ahadi ya kurejea siku kazi iliyomtoa mtu kwao itakapotimia. Una beti tatu fupi, mwendo wa taratibu wa tatu kwa nne, na wapangika kwa urahisi katika sauti nne.