Koti la Mkanda na Mvua ya Tukuyu

Mwezi wa nne, saa moja asubuhi, stendi ya Tukuyu. Ukungu umeumeza Mlima Rungwe wote, na mvua inayonyesha ni ya rasharasha, ile inayomlowesha mtu taratibu bila yeye kujua. Hapo utamwona aliyejifunika nailoni, na aliyevaa jaketi la sponji ambalo likishalowa halikauki mpaka kesho kutwa. Mmoja mmoja utamwona na lile koti refu la rangi ya kaki, lenye safu mbili za vifungo na mkanda kiunoni. Ninaandika kwa ajili ya huyu wa mwisho, na kwa ajili ya wengi ambao koti hilo wanalo, ila limetundikwa nyuma ya mlango kwa kuwa wanaona ni vazi la kwenye sinema.

Koti hili ni vazi la matope. Jina lake la Kiingereza, trench coat, limetokana na mahandaki ya Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, ambamo maofisa wa Uingereza walilivaa. Kitambaa chake cha asili, gabadini, kilibuniwa mwaka 1879 na Thomas Burberry, muuza nguo wa Basingstoke, Uingereza. Kabla yake, koti la mvua lilikuwa la kitambaa kilichopakwa mpira: maji hayaingii, lakini na jasho halitoki. Burberry alitia dawa kwenye nyuzi zenyewe kabla hazijafumwa, kisha akazifuma kwa kubanana sana. Tone la mvua likateleza juu, na mwili ukapumua ndani. Anayepanda vilima vyetu kwa miguu kila asubuhi anaijua tofauti hiyo mgongoni mwake.

Vita hiyo ilifika mpaka hapa. Tukuyu ilikuwa ikiitwa Neu Langenburg, makao ya utawala wa Wajerumani, pale majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yalipovuka kutoka Nyasaland mwezi Mei 1916 na kuuteka mji. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, kwa sababu upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa unaigonga milima na kupanda juu. Kama kuna mahali Tanzania panapolistahili koti hili, ni hapa.

Kila kipande chake kina kazi. Kile kipande kinachoning'inia kifuani karibu na bega hufunika mwanya wa koti, maji yasipenye. Kitambaa cha ziada mgongoni huyamwaga maji mbali na mwili. Vikanda vya mikononi hukazwa ili mvua isitiririke hadi kwenye kiwiko ukishika mwavuli. Mpasuo wa nyuma unakupa hatua ndefu. Vitumie. Nawaona watu wameacha kola imelala huku shingo inalowa, na kifungo cha kuifungia kipo palepale.

Sasa twende kwenye mitumba, maana wengi wetu tutalipata huko, kwenye nguo ambazo wazee waliziita kafa Ulaya. Belo la makoti likifunguliwa usikimbilie rangi. Anza na mabega. Fundi cherehani atakufupishia pindo, atapunguza kiuno, atabadilisha bitana. Lakini bega lililozidi ni kazi ya kulifumua koti karibu lote, na fundi mkweli atakuambia uliache. Lijaribu ukiwa na sweta mwilini, kwa sababu Juni na Julai utalivaa juu ya sweta. Inua mikono yote miwili kana kwamba unashusha mzigo juu ya basi. Likikubana kwapani, lirudishe. Makoti ambayo mshono wa mkono unaanzia shingoni na kushuka mshazari hadi kwapani yanasamehe zaidi, nami huyachagua hayo kwanza.

Kisha chovya kidole kwenye maji udondoshe tone moja begani. Likisimama kama ushanga, dawa ya kitambaa bado ipo. Likizama na kuacha doa jeusi, dawa imekwisha. Hiyo haikuzuii kununua, ila ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Makoti mengi hufika bila mkanda, umepotea njiani, na wauzaji huyatoa kwa bei ya chini. Nunua. Kwa kuwa karibu kila koti la Ulaya litakuwa refu kwako, fundi atakata pindo, na kile kipande kinachobaki huzunguka koti zima, zaidi ya mita moja ya kitambaa chenye rangi ileile. Mwambie asikitupe, akikunje na kukishona kiwe mkanda. Nimeshonesha mikanda kwa njia hiyo na hakuna aliyewahi kugundua. Akate mpaka goti, au vidole viwili chini yake. Koti la kufika kwenye vifundo vya miguu, kwa udongo wetu, litarudi nyumbani na nusu ya barabara.

Kulivaa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Siku ya mvua funga vifungo vyote na uukaze mkanda kwenye bizimu. Siku ya ukungu tu, acha wazi vifungo viwili vya juu na uufunge mkanda kwa fundo la kawaida pembeni. Kaki ni rangi tulivu, kwa hiyo inakipa nafasi kitenge chenye maua makubwa. Gauni la kitenge likichungulia chini ya koti kwa shubiri moja linapendeza sana, na mtandio shingoni unatosha kuwa pambo. Kwa mwanamume, shati, sweta jembamba na suruali ya jinzi. Asivae koti la suti ndani, mabega yatagombana. Gambuti zinaruhusiwa, nasema hivyo kwa moyo wote. Mwalimu anayetembea na gambuti na koti lililokaa vizuri, viatu vyake vikiwa kwenye mfuko, amevaa kwa heshima. Msibani chagua la bluu nzito au jeusi, na kitenge cha kujifunga kikae ndani ya koti ili kisilowe.

Kwenye bodaboda kuwa mwangalifu sana. Ncha za mkanda na pindo vinaweza kunaswa na gurudumu au mnyororo, na mtu akavutwa chini. Kabla ya kupanda, zichomeke ncha za mkanda ndani, kunja pindo ulikalie, na uliweke mbali na bomba la moshi, ambalo huyeyusha poliesta kwa kugusa mara moja.

Likilowa, litundike kwenye hanga mahali penye hewa, mbali na jiko. Moshi wa kuni ukiingia kwenye bitana hautoki. Lifue mara chache, kwa sabuni laini. Kama ni la pamba na dawa imekwisha, sugua nta ya nyuki mabegani, weka kitambaa kikuukuu juu yake, kisha pitisha pasi ya moto wa wastani mpaka nta izame. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, kwa kuwa nta huongeza weusi kidogo.

Mvua zetu huanza Novemba. Litoe koti nyuma ya mlango ulipeleke kwa fundi Septemba, kungali kukavu.