UZI: "Mheshimiwa alipinga!" Sawa, lakini rekodi yake inasemaje?

1/ Siasa zikipamba moto, hapa mtandaoni huzuka mabango mawili. La kwanza: "Mheshimiwa alituuza." La pili: "Mheshimiwa alitupigania." Na yote mawili ni ya mbunge mmoja wa upinzani! Sitaji jina wala chama. Nataka tu tuelewane jinsi ya kusoma rekodi yake bila kuchezwa na upande wowote.

2/ Jambo la kwanza: maamuzi mengi ya Bunge la Kitaifa hayana majina. Spika anauliza, wanaosema Ndio? Wanaosema La? Anasikiliza sauti, anatangaza walioshinda, imeisha. Hansadi itakuonyesha hoja ilipita. Haitakuonyesha mbunge wako alisema nini.

3/ Ili kura zihesabiwe na majina yaandikwe, wabunge 30 au zaidi wanaweza kusimama na kudai hivyo. Kengele inalia, walio nje wanaingia, kila mtu anajulikana alisimama wapi. Upinzani hauwezi kukosa watu 30. Kwa hivyo mtu akiniambia "tulipinga ule mswada", mimi humuuliza: mlisimama? Kama hamkusimama, huo ulikuwa upinzani wa mikutano ya hadhara tu.

4/ Jambo la pili ni kutokuwepo. Kwa mswada wa kawaida, Kifungu cha 122 cha Katiba kinahesabu waliopo na kupiga kura peke yao. Akidi ni wabunge 50. Wakiwa 50 ukumbini na wote wapige kura, 26 wanatosha. Mpinzani aliyebaki akinywa chai ameirahisishia serikali kazi, hata kama jana alikuwa kwenye runinga akifoka.

5/ Lakini kuna siku mambo hugeuka. Kurekebisha Katiba kupitia Bunge kunahitaji theluthi mbili ya wabunge WOTE, yaani 233 kati ya 349. Hapo anayesukuma mabadiliko ndiye anayehangaika kutafuta watu, na asiyetokea ni kama amesema La. Kwa hivyo kabla ya kumshambulia mtu kwa kukosa kikao, uliza kura ilikuwa ya aina gani.

6/ Tuchukue mfano tunaoukumbuka wote: Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 20 Juni, uliposomwa mara ya pili: 204 Ndio, 115 La. Tarehe 25 Juni, mara ya tatu: 195 Ndio, 106 La, 3 zikaharibika. Jumla 304. Wabunge kama 45 hawamo kwenye hesabu hiyo, siku ambayo vijana walipigwa risasi nje ya Bunge.

7/ Sasa tuwe wakweli. Hata hao 45 wote wangekuja na kusema La, ingekuwa 151 dhidi ya 195. Mswada ungepita tu. Kwa hivyo kumwambia mmoja wao "wewe ndiwe uliupitisha" ni uongo. Lakini kumuuliza "siku hiyo ulikuwa wapi?" ni haki yako kabisa. Pengine alikuwa mgonjwa. Aseme.

8/ "Hana hata sheria moja aliyopitisha!" Hii hoja huwa naipuuza. Walio wachache hawana idadi ya kupitisha kitu peke yao. Angalia alichojaribu: miswada aliyowasilisha, marekebisho aliyopendekeza kifungu kwa kifungu, maswali aliyouliza mawaziri.

9/ Angalia pia kamati. Kule ndiko maafisa wa serikali huhojiwa kuhusu ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mbunge anaweza kuwa kimya ukumbini na awe moto kwenye kamati. Na kuongea sana si kufanya kazi: aliyesimama kutoa rambirambi na aliyesimama kubomoa kifungu kibaya wote wameongea.

10/ Na "alipiga kura Ndio na serikali" si lazima iwe usaliti. Mswada wa kugawa mapato unapeleka pesa kaunti zote, ikiwemo yako. Ulitaka aupinge ili iweje? Usaliti ni kusema La kwenye jukwaa la mazishi Jumamosi, halafu Ndio bungeni Jumanne, bila kueleza kilichobadilika katikati.

11/ Kwa hivyo ukiletewa bango, uliza haya kabla ya kulisambaza:
– Kura ilihesabiwa au ilikuwa ya sauti?
– Alikuwepo?
– Ilihitajika idadi gani?
– Kabla ya kura, alijaribu kubadilisha nini?

12/ Hansadi iko kwenye tovuti ya Bunge, bure. Tafuta tarehe, soma mwenyewe, piga picha ya ukurasa uweke hapa chini. Bango lisilo na tarehe mimi silijibu.