Uvimbe wa mbwa unaorudi kila ukinyonywa

Mbwa anakula, anabweka, anafukuza bodaboda kama kawaida, ila chini ya taya kaning'iniza kifuko. Ukikibonyeza kinabonyea, wala halalamiki. Wengi hudhani ni jipu. Daktari wa mifugo akichoma sindano hutoka ute mzito unaovutika kama asali, pengine wenye damu kidogo. Ni mate.

Mbwa ana jozi nne kubwa za tezi za mate, na inayovuja mara nyingi ni ile ya chini ya ulimi. Mate hupenya kwenye nyama, mwili nao huyajengea ukuta. Chanzo aghalabu hakijulikani, ingawa mnyororo unaokaba shingo, kung'atwa au kijiti kilichochoma kinywani huweza kuhusika.

Hapa ndipo pesa za wenye mbwa hupotelea. Kunyonya kwa sindano hupunguza uvimbe, mwenye mbwa akafurahi, kisha kifuko kikajaa upya, maana tezi haijaacha kazi yake. Tena kila sindano ni njia ya vijidudu kuingia. Kunyonya kuna maana pale uvimbe ulipo kooni na mbwa anashindwa kupumua. Huo haungoji kesho.

Tiba ni kuitoa tezi. Lakini ya upande gani? Kifuko huweza kuning'inia katikati kabisa ya shingo. Mbwa hulazwa chali, na mara nyingi uvimbe huelemea upande wenye hitilafu. Baada ya nusu kaputi, mpasuaji hukata ngozi nyuma ya kona ya taya, karibu na mishipa mikubwa ya damu inapokutana, akatoa tezi ya taya pamoja na ya chini ya ulimi, kwa kuwa zimeshikamana ndani ya utando mmoja. Kazi ngumu ni kuifuata tezi kuelekea kinywani mpaka apite palipochanika bila kugusa neva ya ulimi. Akibakiza kipande kinachovuja, uvimbe utarudi. Kifuko chenyewe hakina haja ya kutolewa; hukamuliwa tu, pengine kikawekewa mpira wa kutolea majimaji kwa siku chache.

Je, kinywa hakitakauka? Hakikauki, hata tezi hizo zikitolewa pande zote mbili, kwani zilizobaki zinatosha. Ila mkanda wa shingoni usirudishwe kabla kidonda hakijapona. Wa kifuani unafaa zaidi.