Mwanga wa Tochi na Mboni ya Jicho

Jioni mjini Bukoba, wadudu wadogo wa ziwani wanapoinuka kwa makundi kama moshi, mpita njia hakai akafikiri kama afumbe macho au asifumbe. Mdudu akiigusa konea, yaani ngozi iangavu ya mbele ya jicho, kope za macho yote mawili hujifunga mara moja. Habari imepelekwa na neva ya tano ya kichwa hadi kwenye shina la ubongo, na amri imerudi kwa neva ya saba. Hilo ni tendo lisilo la hiari. Jicho lina tendo jingine la namna hiyo, la kimya zaidi, nalo ndilo shabaha ya makala haya.

Wanafunzi wawili na wakae katika chumba chenye mwanga hafifu. Mmoja atazame mbali, kwa maana kutazama kitu cha karibu nako huifinya mboni na kuliharibu jaribio. Mwenzake amulike jicho la kulia kwa tochi ndogo kutoka ubavuni, kwa sekunde moja au mbili tu. (Macho yetu ni meusi, hivyo yafaa kusogea karibu.) Mboni itafinyika. Kisha mkono uwekwe juu ya pua kama ukuta, jicho la kulia limulikwe tena, na safari hii litazamwe la kushoto. Mboni yake nayo itafinyika, ingawa haikupata mwanga. Kwa nini?

Habari ya mwanga hutoka kwenye retina kwa neva ya pili. Nyuma ya macho neva hizo mbili hukutana, na karibu nusu ya nyuzi za kila moja huvukia upande wa pili. Nyuzi nyingi huendelea na safari ya kuelekea nyuma kabisa ya ubongo, ambako picha hutambuliwa. Chache huchepuka na kuingia katika ubongo wa kati. Huko habari hugawiwa kwa viini viwili, cha kulia na cha kushoto, vilivyoelezwa na Wajerumani Edinger mwaka 1885 na Westphal mwaka 1887. Kila kiini hutuma amri kwa neva ya tatu ya upande wake, hadi kwenye msuli wa mviringo unaoizunguka mboni.

Kwa hiyo, neva ya pili ya kulia ikifa, kulimulika jicho la kulia hakuzifinyi mboni hata moja, lakini kulimulika la kushoto huzifinya zote mbili. Ikifa neva ya tatu ya kulia, mboni ya kulia hubaki wazi, limulikwe jicho lolote.

Wilaya ya Muleba yaijua vema malaria. Mwaka 2006 ilikumbwa na mlipuko mkali. Mtoto ambaye malaria imemfika ubongoni hufikishwa hospitali, kama zile za Rubya na Ndolage, akiwa hana fahamu, wala hawezi kuulizwa neno. Ubongo ukivimba ndani ya fuvu hauna pa kwenda ila chini, na huko huibana neva ya tatu pamoja na shina la ubongo linaloongoza pumzi. Utafiti uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya watoto 25 waliofariki kwa ugonjwa huo, 21 walikuwa na uvimbe mkali wa ubongo. Uvimbe huo ulionekana kwa mashine ya MRI. Tabibu asiye na mashine hiyo ana tochi: mboni iliyopanuka isiyoitika mwanga ni dalili ya hatari kubwa. Mboni zinazoitika, hata hivyo, si ushahidi kwamba mtoto amesalimika. Asiye na fahamu hukimbizwa hospitali vyovyote iwavyo.

Wako pia watoto wanaopona malaria hiyo, wakafumbua macho, lakini hawaoni. Wazazi hudhani macho yameharibika. Tochi ikiwashwa, mboni zafinyika vizuri, maana ile njia ya mchepuko ni nzima. Kilichoumia ni sehemu ya nyuma ya ubongo, na mara nyingi kuona hurejea polepole.