Moto wa Elgon: Heri Kuhama Asubuhi

Tangu Desemba hadi mvua zinaporudi mwishoni mwa Machi, Mlima Elgon hukauka kuanzia juu kushuka chini. Nyasi ndefu za Chepkitale na za miteremko ya Koitobos hunyauka, mianzi mikavu hulundikana, na sakafu ya msitu hujaa majani yasiyooza kwa kukosa maji. Hapo hutosha kijinga cha mrina asali, tanuri la makaa lililoachwa bila mtu, au mfugaji anayechoma nyasi ili zichipue upya. Wakulima nao huchoma mabua ya mahindi wakiandaa mashamba wakati huohuo. Ukiishi Endebess au Saboti upande wa Kitale, ama Kaptama, Kapsokwony na Kopsiro katika kaunti ya Bungoma, msitu huenda uko ng'ambo tu ya ua wako.

Watu huniuliza moto ukifika wapi ndipo wahame. Mimi hupenda kuwajibu kwa saa kuliko kwa maili, kwa kuwa mlima una ratiba yake. Jua likipasha miteremko, hewa hupanda, na moto hupanda nayo. Mteremko wenyewe huuongezea kasi: kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, mwendo wake huongezeka takribani maradufu. Kuanzia adhuhuri hadi jioni ndipo unapokuwa mkali kabisa. Usiku hewa baridi hushuka, unyevu huongezeka, miali hupungua, na moshi hutiririka hadi mabondeni. Ndiyo maana mtu wa Kaptama anaweza kuamka saa tisa usiku akikohoa ilhali moto wenyewe umelala mbali juu yake. Utulivu huo wa alfajiri umewadanganya wengi wakadhani mambo yamekwisha. Huo ndio wakati wa kuwahamisha watoto, wazee, wagonjwa wa pumu na mifugo. Ukingoja hadi saa nane mchana, njia ya kushuka inaweza kuwa imefunikwa na moshi, na bodaboda zote zimekwisha kuchukuliwa.

Jambo la pili ni jinsi nyumba zinavyoshika moto. Wengi hutazamia ukuta wa miali, lakini nyumba nyingi huteketezwa na cheche zinazopeperushwa na upepo mbele ya moto wenyewe, wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita moja. Cheche hutafuta pa kutua: paa la nyasi, mabua yaliyoegemezwa ghala, kuni chini ya dirisha, ua wa saiprasi uliokauka kwa ndani. Magome ya mikaratusi yanayobambuka ni mabaya zaidi kwa kuwa hupaa yakiwaka. Fagia mita kumi kuzunguka nyumba, na usogeze mabua mbali hata kama ndiyo chakula cha ng'ombe.

Hapa mkulima wa Trans Nzoia ana silaha ambayo wenzake wa nchi nyingi hawana. Mwezi wa Februari yuko tayari kulima kwa ajili ya upanzi. Basi na aanze na ukanda unaotazama mlima. Udongo uliopinduliwa hauna cha kuungua. Ni kizuizi kwa moto wa nyasi, na pia ni mahali pa kukimbilia mtu akizidiwa. Majirani watano wakiungana kulima ukanda mmoja mrefu, wamefanya kazi kubwa kuliko ndoo mia moja za maji. Vyama vya jamii vya misitu, vinavyotambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2016, vinafaa kuupanga mpango huo pamoja na maafisa wa misitu kabla Januari haijaisha.

Mizigo isiwachukue muda: vitambulisho, hati ya shamba, kadi za kliniki, dawa, maji, simu iliyochajiwa. Vaa pamba au sufu, kwa sababu polista huyeyukia mwilini. Mtungi wa gesi ufungwe na uwekwe mbali na nyumba. Mwambie mzee wa mtaa mnakoelekea, ili asirudi mtu kuwatafuta. Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199.

Kinachonihuzunisha ni desturi ya mama na watoto kutangulia, kisha baba akabaki kulinda ng'ombe. Naielewa, ng'ombe ni karo na ni mahari. Lakini huko Victoria, Australia, tarehe 7 Februari 2009, watu 173 walikufa kwa moto wa nyika, wengi wao wakiwa wamebaki nyumbani au wamechelewa kuondoka. Ng'ombe waswagwe mapema, asubuhi ileile, hadi kwa jamaa huko Kiminini au Kimilili. Ikishindikana, wafunguliwe kamba na waachwe kwenye shamba lililolimwa. Asifungiwe hata mmoja zizini.

Kurudi nako kuna hatari zake. Mizizi huendelea kuungua chini ya ardhi kwa siku kadhaa, mti ukaanguka bila upepo wowote, na majivu yaliyopoa juu yakaficha makaa yanayounguza kwato. Subirini maafisa wa misitu wapite kwanza, kisha atangulie mtu mzima mwenye fimbo na viatu vizito, akiigusa ardhi kabla ya kukanyaga. Watoto na mifugo wafuate baadaye.